Unyevu Chini ya Rundo

 

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa hii nitazungumzia pampu ya dizeli. Naona vijana wa gereji mmeinua vichwa, na wazee mnatazamana. Tulieni. Msikiti huu umezungukwa na gereji, na nusu ya viatu vilivyo pale mlangoni vina alama za oili. Tukisimulia habari za ngamia kila wiki, tutakuwa tunawahubiria watu ambao hawapo.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula likiuzwa. Akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe, kulikoni? Yule bwana akajibu kuwa limenyeshewa. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka unyevu juu ili watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Tazameni jambo ambalo huwa tunalipita mbio. Yule bwana hakumwagia chakula maji. Mvua ilinyesha, na mvua haina mwenye kulaumiwa. Alichokifanya yeye ni kujua, akafunika.

Sasa twende kwenye mkonga, yaani Land Cruiser. Land Cruiser hizi zinazopanda huko juu milimani na wagonjwa, walimu na magunia ya mahindi, nyingi zina injini ya 1HZ, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na imependwa kwa uvumilivu wake. Ndani ya pampu yake kuna planja moja tu, chuma kinachoisukuma dizeli na kuzigawia silinda zote sita. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pampu inazunguka nusu ya hapo, na katika kila mzunguko inapiga mara sita. Fanyeni hesabu: mapigo 100 kwa kila sekunde, na kila pigo ni dizeli ya kiasi cha tone moja au pungufu. Nafasi iliyopo kati ya planja na nyumba yake ni sehemu chache za elfu moja za milimita. Na pampu hiyo haiwekewi oili. Kinachoilainisha ni hiyohiyo dizeli inayopita ndani yake.

Kwa hiyo mtu akichanganya mafuta ya taa, ambayo ni mepesi, chuma kinasugua chuma mara 100 kwa sekunde, naye yuko nyumbani anakula chakula chake cha jioni. Uchakachuaji huu tunaujua. Mwaka 2010 hapa Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia alama kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili tamaa ya tofauti ya bei ipungue. Jirani zetu Kenya nao mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Aliyeumia ni bibi mwenye kibatari. Alilipa kodi ya wizi ambao hakuufanya, na mchakachuaji atadaiwa haki yake pia, mbali na haki ya mwenye gari.

Lakini mchakachuaji dhambi yake ni ya wazi, sina haja ya kumrefushia maneno. Ninayetaka kuzungumza naye ni yule asiyechakachua. Una kituo cha mafuta. Masika imepiga, maji yamepenya kwenye tangi la chini, umepima umeyaona. Ukiuza, hukuyatia wewe, mvua ilinyesha. Unaiona hadithi ilivyokufikia? Au unauza dizeli kwenye madumu kandokando ya barabara, na dumu moja unalijua kuwa lilikaa wazi usiku wa mvua. Maji yakifika kwenye pampu yanaleta kutu na yanaondoa ule utelezi mwembamba unaoihifadhi. Shilingi chache za dumu lile zinamgharimu mwenzio pampu nzima.

Nawe dereva usikae ukimtazama muuza mafuta. Chini ya filta ya dizeli kuna sehemu ya kukusanyia maji yaliyojitenga, na yakijaa taa inawaka mbele ya macho yako kwenye dashibodi. Haikuwekwa kwa mapambo. Kuyatoa ni kazi ya dakika chache: unalegeza kizibo cha chini, unasukuma pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka itoke dizeli tupu, unakaza. Filta yenyewe, kwa dizeli hii tunayoijua, usiisubirishe kupita kilomita 10,000. Na huko kwenye baridi usililaze gari na tangi tupu. Unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone usiku. Ipo na taa nyingine, ya mkanda unaoizungusha pampu, ambayo kwa magari mengi ya namna hii huwaka kilomita 100,000 zikitimia. Wapo wanaong'oa balbu. Bosi akija kukagua, dashibodi safi.

Kisha kuna hili la maji ya baridi. Pampu ikishalika, dizeli ikipata moto inazidi kuwa nyepesi na kuvuja pembeni ya planja, nguvu ya kufungua nozeli haifikiwi. Alfajiri gari linawaka. Ukilizima njiani adhuhuri haliwaki tena. Dereva anachukua chupa, anaimwagia pampu maji, linawaka, safari inaendelea, na tajiri haambiwi kitu. Kwanza ni hatari, maana nyumba ya pampu inasinyaa ghafla kwa baridi huku planja ndani bado ni ya moto, na inaweza kushika palepale. Pili, umebeba abiria kwenye chombo unachojua kuwa kinaweza kuwalaza porini. Kabla ya kuondoka uliwaitikisha dua ya safari. Hukuwaambia habari ya chupa.

Mafundi, nanyi mna skrubu yenu. Ile ya kuongezea dizeli imefungwa kwa muhuri baada ya pampu kupimwa kwenye mashine. Mteja analalamika gari halina nguvu mlimani. Pengine filta imeziba, pengine nozeli zinakojoa badala ya kupuliza. Kutafuta kunachukua muda, kwa hiyo unavunja muhuri, unazungusha, gari linaruka, unalipwa, unasifiwa. Surat Ar-Rahman imetukataza kupindukia katika mizani, na wengi wetu tunadhani mizani ni ya duka la sukari tu. Dizeli iliyozidi haipati hewa ya kuungua nayo. Inatoka moshi mweusi, ambao ni pesa ya mteja na kifua cha mtoto anayetembea kando ya barabara, na joto linalozidi linaweza kuzipasua pistoni. Ugonjwa wa kwanza bado upo, umeufunika tu. Mwambie mteja kweli: hii si kazi yangu, mpelekee fundi pampu mwenye mashine. Na pampu usiifungue juu ya gunia penye vumbi ukitafuta ujuzi kwa mali ya watu.

Kwenu matajiri nina neno fupi. Dereva anaficha kwa sababu siku aliyosema ukweli ulimkata mshahara. Na unapoliuza gari hilo, kasoro yake uitaje kabla ya kupokea fedha. Mtume ametuambia kwamba wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa. Hadithi hiyo ipo kwa Bukhari na Muslim, haihitaji ufafanuzi.

Muda wa khutba umekaribia. Tukimaliza swala, ndugu yetu fundi pampu amekubali kutuonyesha kwa vitendo namna ya kutoa maji kwenye filta, kwa magari yaliyoegeshwa hapo nje. Njooni na chupa za kukingia, za kioo kama zipo, ili kila mtu aone kilichomo kwenye gari lake. Kina mama wenye magari nanyi mnakaribishwa, upande wa mwembe. Na tafadhali, mtakachokikinga msikimwage kwenye mfereji wa udhu.