Haya Hii Inamlinda Nani?

Mtoto wa kaka yangu alinijia jioni moja baada ya magharibi, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akanyamaza muda mrefu hata nikaingiwa na hofu. Nilidhani ameachwa, au kuna msiba nyumbani ambao mimi sijaambiwa. Mwishowe akafungua mkoba wake, akatoa kichupa kidogo kilichoviringishwa kwa karatasi ya gazeti.

"Shangazi," akasema, "hiki kinachoma."

Hakusema kinachoma wapi, nami sikumuuliza.

Nilivaa miwani nikakigeuza kichupa huku na huku. Kilikuwa na picha ya ua la waridi na ahadi tatu: kulainisha, kubana na kurudisha usichana. Jina la kiwanda halikuwapo. Vilivyomo ndani havikutajwa, wala tarehe ya kuisha muda. Hata kiberiti, msomaji wangu, kina jina la aliyekitengeneza, na kiberiti kazi yake ni kuwasha jiko tu.

"Umekinunua wapi?"

"Kwa dada mmoja anayeuza kwa simu. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeniletea."

"Umemrudishia?"

Akanitazama kama mtu aliyepotewa na akili. "Nikamwambie nini, Shangazi?"

Basi swali hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule. Mtu akiuziwa nyanya mbovu sokoni atarudi kwa sauti kubwa, na soko zima litajua. Akiuziwa kiatu kilichobanduka soli atakishika mkononi kukionyesha wapita njia. Lakini mwanamke aliyechubuliwa na bidhaa ya namna hii atarudi aonyeshe nini? Muuzaji analijua hilo tangu anapopanga bei. Haya ya mnunuzi ndiyo askari wake wa mlangoni, tena askari asiyelipwa mshahara.

Sote tumelelewa kuamini kwamba haya ni pambo la mtu, na mimi ninaamini hivyo hadi leo. Sipendi mazungumzo ya chumbani yaletwe barazani. Walakini wazee hao hao waliotufundisha haya ndio waliosema mficha uchi hazai. Walijua kwamba kuna saa ambapo kusitiri kunageuka kuwa kujidhuru, na mkunga hasaidii kinachofichwa. Swali ni nani anayeitambua saa hiyo, na kwa nini mara nyingi tunaitambua ikiwa imekwisha pita.

Naomba nieleze yangu, maana nisipoyaeleza nitakuwa ninahubiri tu. Mimi nilifundwa na shangazi yangu, ambaye alikuwa somo wa kuheshimika katika mtaa wetu. Alitwanga liwa mwenyewe, akachagua karafuu punje kwa punje, na asumini alimjua mtu aliyezichuma. Udi akinunua, aliuchoma kwanza chumbani kwake. Mwali akipata upele, alijua mlango wa kugonga, na Bi Mkubwa asingeweza kujificha. Katika hilo alimzidi mbali yule dada wa simu.

Lakini nisimpambe marehemu kupita kiasi. Huyo huyo alinipa shabu, lile jiwe jeupe ambalo watu hutakasia maji na vinyozi hupaka panapochanika. Kazi aliyoniambia itafanya iliifanya, kwa sababu shabu ndivyo ilivyo, hukausha na kukunja nyama. Baada ya siku chache nilikuwa na michubuko, na kila usiku nikawa ninauogopa. Sikumwambia yeye, wala mume wangu. Nilidhani kasoro ni ya mwili wangu, kwamba wenzangu wote wanastahimili na mimi ndiye dhaifu. Nilikaa hivyo miezi mingi, nikiuita ukimya wangu adabu.

Miaka ikapita. Binti huyu alipoolewa, mimi ndiye niliyeingia naye chumbani siku ya kufundwa. Nikasema mengi juu ya subira, manukato na namna ya kumpokea mgeni. Juu ya shabu sikumpa, lakini pia sikumkataza. Nilipita kando kama mtu anayekwepa shimo bila kumwambia anayemfuata kwamba kuna shimo. Kwa hiyo kile kichupa, nikijihukumu kwa haki, nusu yake niliinunua mimi.

Hapo zamani ningeweza kujitetea kwamba hatukujua. Leo utetezi huo haupo. Mwili wa mwanamke una uchachu wake wa asili, unaolindwa na vijidudu vyema, na uchachu huo ndio ukuta wake dhidi ya maradhi. Sabuni, ndimu, shabu na manukato huubomoa ukuta huo au huikwaruza ngozi laini iliyo nyuma yake. Hata kilainishi cha dukani, kikizidishwa gliserini, hunyonya maji kutoka kwenye ngozi kama chumvi inavyomkausha ng'onda. Ndiyo maana mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo kuhusu vilainishi, wakataja hadi kipimo ambacho ukolezi wake usivuke. Mafuta nayo yana hila yake: mafuta ya mgando au ya nazi yakipakwa kwenye kondomu ya mpira wa kawaida huulegeza mpira huo kwa dakika chache tu, na mwenye kondomu hana habari.

Kuna kisa kimoja cha Nairobi ambacho hunirudia mara kwa mara. Dawa iitwayo nonoksinoli-9 ilikuwa imetumika miaka mingi kuua mbegu za kiume, na katika chupa za maabara ilionekana kuua virusi vya UKIMWI pia. Watafiti wakawaomba wanawake 138 waliokuwa wakiuza miili yao jijini Nairobi wasaidie kuijaribu. Wengine walipewa sifongo yenye dawa, wengine kitu kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Dawa haikuwakinga, na waliotumia sifongo walipata vidonda zaidi. Mwaka 2000, kwenye mkutano mkubwa wa UKIMWI mjini Durban, yakatangazwa matokeo ya jaribio jingine, lililofanyika Benin, Cote d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Wanawake waliopakwa dawa hiyo waliambukizwa zaidi kuliko wenzao. Nonoksinoli-9 ni ya ukoo wa sabuni. Ilikuwa ikiichubua ngozi iliyotakiwa kuilinda.

Unaweza kuwalaumu wale watafiti, na wanawake wale walilipa gharama ambayo mimi sina neno la kuifidia. Lakini kuna jambo moja walilolifanya ambalo muuzaji wetu hatalifanya kamwe. Walihesabu waliodhurika, kisha wakasimama mbele ya watu wakasema kitu chetu kimedhuru. Kondomu zilizopakwa dawa hiyo zikaanza kuondolewa. Kama wanawake wale wangeona haya kusema wana vidonda, tungekuwa tunaisifu dawa hiyo hadi leo.

Wala tusidhani kwamba kwa Wazungu mambo ni tofauti. Huko vifaa vya chumbani huuzwa madukani waziwazi, na vingi kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa plastiki ngumu ya PVC iliyolainishwa kwa mafuta yaitwayo ftaleti. Mafuta haya hayashikamani na plastiki; hutoka kidogo kidogo, na baadhi yake yanajulikana kuharibu nguvu za uzazi. Nchi za Ulaya ziliyazuia katika vitu vya watoto vya kuchezea, kwanza kwa muda mwaka 1999, kisha moja kwa moja mwaka 2005. Lakini plastiki ile ile iliyokatazwa kinywani mwa mtoto iliendelea kuuzwa kwa mama yake, tena kwa matumizi ya ndani zaidi. Watengenezaji wengi waliandika kwenye boksi kwamba kifaa ni cha mzaha tu, ili kikimdhuru mtu waseme hakutumia walivyokusudia. Amri ya Ulaya iliyogusa vitu vinavyokaa kwenye ngozi kwa muda ilianza kufanya kazi mwaka 2020, na kanuni ya kimataifa ya usalama wa vifaa hivyo ilitoka mwaka 2021. Yaani miaka zaidi ya ishirini baada ya mwanasesere! Sioni sababu nyingine ila kwamba hakuna mbunge aliyetaka kusimama kusoma orodha ya vitu hivyo.

Wapo watakaoniambia kwamba dawa yake ni kuviacha vitu hivi kabisa, na kwamba anayevitafuta amejitakia. Nawaheshimu. Lakini Kenya mwaka 2000, na tena 2014, watu wengi walikufa au kupofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli, na sikumsikia asiyekunywa pombe akisema kuitia sumu ni halali kwa kuwa wanywaji ni wakosefu. Kosa la mnunuzi, kama ni kosa, halimpi muuzaji ruhusa. Tena wengi wa wanunuzi hawa ni wake wa watu, waliomaliza kuzaa au waliokauka kwa umri, wanaotafuta kuishi na waume zao bila maumivu.

Husemwa pia kwamba hakuna aliyelazimishwa. Ni kweli, binti yangu alilipa kwa ridhaa yake. Lakini aliridhia nini? Aliridhia picha ya ua. Kilichokuwa ndani ya kichupa hakukijua, na mtu haridhii asichokijua, anakibahatisha tu.

Asubuhi nilimpeleka kwa muuguzi ninayemwamini. Aliangaliwa, akapewa dawa, na akaambiwa asitumie chochote mpaka apone, hata sabuni ya manukato. Njiani tukirudi nikamsimulia habari ya shabu, yote, na miezi yangu ile. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Kumbe nawe, Shangazi!"

Jioni akamwandikia yule dada. Jibu lilikuja upesi: wateja wengine hawajalalamika, labda yeye ngozi yake ni dhaifu. Binti akanionyesha simu kimya. Nilisoma sentensi ile mara mbili, maana nilikuwa ninaijua. Miaka yote ile nilikuwa nimejiambia mwenyewe maneno hayo hayo.

Akaanza kuandika tena, safari hii katika lile kundi la simu ambamo yule dada hutangaza bidhaa zake, na ambamo wanawake wengi humsoma. Alipofika mahali pa kueleza palipochomeka alisita, akaniuliza kama aandike neno lenyewe au atafute la kusitiri. Nikamwambia aandike neno lenyewe.