Wekundu wa Jua la Lamadi

Je, kuongeza wekundu kwenye picha ya jua linalozama ni kusema uongo? Swali hili hunijia kila nikitoka Bariadi kwenda Lamadi, pale jua linapotumbukia katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria.

Wengi hujibu haraka: ndiyo, umeichezea kazi ya Mungu. Sikubaliani nao. Kiangazi, pamba ikishavunwa na mashamba yakibaki wazi, vumbi na moshi hutanda huku mkoani Simiyu. Mwanga wa jioni hupita kwenye hewa nyingi kuliko wa mchana. Buluu hutawanyika njiani, wekundu ukabaki. Jicho linauona. Kamera ikiachwa ijipangie rangi yenyewe huudhania kasoro na kuupoza. Ninapourudisha kwa simu, narudisha nilichoonyeshwa.

Kufuta ni jambo jingine kabisa. Ufukweni akina mama hukusanya dagaa walioanikwa, migongo imeinama, ndoo za plastiki pembeni, waya wa umeme ukikata anga juu yao. Siku hizi programu huviondoa vyote kwa mguso wa kidole, ikabaki mbingu na maji matupu. Hapo ndipo ninapoiona dhambi, maana aliyeumba machweo ndiye aliyewaumba mama hao, na picha inamwambia mtazamaji kwamba hawakuwepo.

Ukifika Lamadi jioni, rekebisha rangi ifanane na uliyoiona, lakini akina mama hao tafadhali waache pichani.