Mgeni Akiuliza Kama Kuna Papa

Swali ni lile lile, liulizwe Nungwi, Kizimkazi, Wasini au Watamu. Boti imeshafika mwambani, nahodha ametia nanga, miwani na mirija ya kupumulia imeshagawiwa, na abiria mmoja aliyekuwa kimya njia nzima anauliza: "Hapa kuna papa?" Jibu nalo ni lile lile: "Hakuna papa hapa, usiogope." Siku hizi anayeuliza si Mzungu peke yake. Sikukuu zikikaribia, boti hizo hujaa watu wa Dodoma, Nairobi na Kampala, wengine wakiwa hawajawahi kuogelea popote ila kwenye bwawa la hoteli. Wote hujibiwa hivyo hivyo, na jibu limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelihesabu kuwa ni uongo. Mimi nalihesabu. Papa wapo. Wanauzwa wabichi na wakavu katika masoko ya pwani nzima, wanapikwa kwa nazi na ukwaju, na ng'onda wake ana wateja wasiomwacha. Hao wote hawakuvuliwa mtoni.

Atakayemtetea nahodha atasema huo ni uongo wa huruma: mtu kalipa nauli, kaja kustarehe, mwache atulie. Lakini utulivu huo umeegemea kitu kimoja tu, kwamba papa hayupo. Siku atakapopita papa mdogo wa mwambani, yule mwenye ncha nyeusi kwenye mapezi anayeonekana hata kwenye hifadhi ya Chumbe, utulivu wote utaporomoka, tena mtu akiwa mbali na boti. Atapiga maji kwa miguu na mikono, atavua miwani, mrija utaingia maji, atakunywa chumvi, pumzi itakata. Papa atakuwa ameshakimbia zamani, kwa sababu kishindo kama hicho humtia hofu samaki wa kimo chake. Anayebaki hatarini ni mtu aliyeambiwa kwamba jambo hili haliwezi kutokea. Isitoshe, kumwambia mtu "usiogope, hakuna" ni kumkubalia kimyakimya kwamba papa akiwepo, basi ana haki ya kupagawa.

Ukweli ungemtuliza zaidi, kwa kuwa ukweli wenyewe si wa kutisha. Chuo Kikuu cha Florida kina jalada la kimataifa la mashambulizi ya papa, linalochunguza tukio moja baada ya jingine. Kwa mwaka 2023 jalada hilo lilithibitisha watu 69 walioumwa na papa bila kumchokoza, dunia nzima, na 10 kati yao walikufa. Mwaka 2024 walikuwa 47, wakafa 4. Hapo ndipo watu hupenda kuleta hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kudhani mjadala umekwisha. Haujaisha, na mwenye wasiwasi ana haki ya kupinga: wengi wa hao walifia mitoni, ziwani na visimani, mahali ambapo papa hafiki, na watu wanaoogelea baharini ni wachache. Hoja hiyo naikubali. Basi tuchukue Hawaii, ambako papa mkali kweli kweli, yule mwenye milia kama simbamarara, anaishi katika bahari ile ile wanayoogelea watalii. Huko, shughuli inayoongoza kwa kuzamisha wageni ni hii hii ya miwani na mrija. Kila mwaka wanazama kadhaa, ilhali hupita miaka papa wasiue hata mtu mmoja. Watu ni wale wale, maji ni yale yale, na kinachowaua wageni hao ni pumzi, moyo, mkondo na uchovu.

Yapo matukio yasiyofaa kufichwa. Agosti 2011, watalii wawili waliuawa na papa katika ufuko mmoja wa kisiwa cha Praslin, Shelisheli, ndani ya mwezi huo mmoja. Desemba 2010, mtalii aliuawa Sharm el-Sheikh nchini Misri siku chache baada ya wengine kujeruhiwa. Réunion ilipata misiba mfululizo hadi serikali ikapiga marufuku kuogelea mwaka 2013. Shelisheli na Réunion ni majirani zetu wa Bahari ya Hindi, kwa hiyo hatuwezi kusema ni mambo ya mbali. Lakini itazame ile marufuku ya Réunion: maji ya ndani ya mwamba, yenye kina kifupi, hayakuguswa nayo, kwa sababu hatari ilikuwa upande wa nje. Papa naye ana saa zake na mahali pake: maji yaliyovurugika, midomo ya mito baada ya mvua, magharibi jua likizama, na kokote panapotupwa damu na matumbo ya samaki. Hatari ikiwa na utaratibu, inaepukika kwa sehemu kubwa. Sisemi inakwisha. Maji ya Praslin yanajulikana kwa usafi, na bado watu wale walikufa. Anayetaka uhakika kamili hataupata baharini, na sijui kama ataupata kwenye basi lililomleta pwani.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi: mwili hausikilizi takwimu. Mtu anaweza kuyajua yote haya na tumbo likamkaza vile vile akitazama chini na kukuta maji yamekuwa buluu nzito. Nadhani chanzo ni kwamba hofu hii ni ya kisichoonekana. Filamu ya Jaws ya mwaka 1975, iliyowatoa wengi baharini, inamficha papa wake kwa zaidi ya saa nzima. Sababu haikuwa ufundi mtupu: papa wa mashine aliharibika mara kwa mara wakati wa kupiga picha, wakalazimika kutisha watu kwa maji matupu na muziki. Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, baadaye alitumia miaka mingi kuwatetea papa. Sasa mwenye miwani hayumo katika hali ya wale waogeleaji wa filamu. Yeye ndiye anayeona. Basi dawa ya mwili ni kuupa macho taratibu: aanze maji ya kifuani, uso ndani, pumzi ndefu ya kutoa kuliko ya kuvuta, mkono mmoja kwenye kamba ya boti, mpaka macho yazoee tasi, pono na kivuli chake mwenyewe mchangani. Kumsukuma mtu ajitose kwenye kina ili "ashinde hofu" ni ukatili unaojiita ujasiri.

Kilindoni, Mafia, wamefika mbali zaidi. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, papa potwe, ambaye Kenya wanamwita papa shilingi kwa madoa yake, hukusanyika karibu na pwani kufuata uduvi na samaki wadogo. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani: mdomo unapita mita moja kwa upana, meno ni madogo kama punje, chakula anakichuja. Wavuvi wa dagaa humkuta ndani ya nyavu zao za kuzungushia, wakashusha wavu apite. Wageni hulipa kuogelea kando yake, na wanayoambiwa ni mafupi: usimguse, usimkate njia, kaa mbali na mkia. Hakuna anayewaambia kwamba hayupo.

Kwa hiyo nahodha na ajibu: "Wapo, ni wachache, na wanatukwepa. Ukimwona, mgeukie, usipige maji, rudi botini polepole." Kisha aendelee na yale ambayo mgeni hakuyauliza: mkondo unaelekea wapi, leo ni bamvua au maji mafu, majaketi ya kujiokolea yako wapi, nani anabaki botini kuhesabu vichwa, na kwamba injini haiwashwi mpaka kila mtu awe amepanda. Mwenye maradhi ya moyo aseme sasa. Mgeni akisikia hayo akachagua kubaki kitini, abaki, na asichekwe. Lakini nahodha asiyeweza kujibu swali la mkondo na majaketi, huyo ndiye wa kumkimbia, tena kabla boti haijaondoka ufukweni.