Nuru ya Uso wa Mtu

Husemwa kwamba kamera haisemi uongo. Naona neno hilo humtua mzigo mwenye kamera bila haki, kwa sababu kamera haina macho wala moyo. Hupima mwanga ulio mbele yake na kuchukua wastani, kana kwamba dunia yote ni ya kijivu. Ukimpiga picha bibi harusi mweusi aliyevaa gauni jeupe, weupe wa nguo huihadaa ikapunguza mwanga, na gauni likatoka na mishono yake yote huku uso umebaki kivuli. Ndivyo ilivyo pia ufukweni, bahari inapometa nyuma ya mtu.

Dosari hiyo haikuletwa na jua peke yake. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi za mfano zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na rangi zikasawazishwa kwa kufuata ngozi yake. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Si lazima mtu atuchukie ndipo tutoke vibaya, yatosha asitukumbuke.

Je, mpiga picha anadaiwa nini na anayempiga? Nasema anadaiwa kumpimia mwanga yeye, si nguo yake wala ukuta ulio nyuma yake. Msogelee mpaka uso ujaze kioo, pima hapo, kisha rudi nyuma bila kubadili kipimo. Kwa simu, gusa uso wake kwenye kioo. Jua la utosini huyatia macho giza. Ngoja alasiri, au msimamishe barazani akitazama nje. Ukuta wa chokaa ubavuni mwake utamrudishia mwanga. Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako mwaka 1948, alitumia mwanga wa jua uani, na nyuso za wateja wake zinang'ara hadi leo.

Yupo atakayesema kwamba huko ni kupamba. Lakini kupamba ni kuongeza kisichokuwapo. Kumwondolea mtu giza asilokuwa nalo ni kumrudishia kilicho chake. Kazi hiyo haizidi dakika moja, na picha yaweza kukaa ukutani miaka hamsini. Wajukuu watakapouliza bibi yao alikuwa na sura gani, watajibiwa na picha hiyo.