Asiyependa Sanamu na Kiti cha Kamati

Serikali za kaunti na manispaa zinapotaka kupamba mzunguko wa barabara au kuchora ukuta wa soko, wakati mwingine huunda kamati ya ushauri na kuwaalika wakazi waketi na wasanii na maofisa wa utamaduni. Hapa namtazama mwalikwa mmoja tu: Muislamu anayeshika kauli ya wanazuoni kwamba kuchonga umbo la kiumbe chenye roho ni haramu, au Mkristo anayelichukua katazo la Kutoka 20 kama lilivyoandikwa. Wenzake wengi watamwambia akae mbali asijitie doa. Naliona jibu hilo ni kosa, tena ni kosa la kidini kabla halijawa la kiraia.

Katazo la sanamu linalinda nini hasa? Hadithi walizopokea Bukhari na Muslim zinawaonya vikali watengenezaji wa picha, na hilo halifichiki. Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, alijibu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba sababu ya katazo ni hofu ya ibada, na hofu hiyo ikiondoka hukumu nayo hubadilika. Si lazima mwalikwa wetu amkubali Abduh, wengi hawakumkubali. Ila hata wakali hukiri kwamba mojawapo ya sababu zake ni binadamu kumnyenyekea asiyestahili kunyenyekewa. Basi swali la kupeleka kwenye kamati ni hili: kazi hii inamfanya mpita njia afanye nini?

Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na sanamu ya mtawala wa Kijerumani Hermann von Wissmann. Yeye alisimama juu ya jukwaa, na chini yake askari Mwafrika akimwinulia uso. Mpita njia alikuwa amekwisha kupangiwa mahali pake: pale chini, kwa askari. Waingereza walipouchukua mji waliiondoa, na mwaka 1927 wakasimamisha sanamu ya Askari iliyopo hadi leo. Ya Wissmann iliishia Chuo Kikuu cha Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Sasa nenda Mkunazini, Unguja, kwenye uwanja wa kanisa kuu la Kianglikana. Kazi ya mchongaji Clara Sörnäs, kumbukumbu ya watumwa, inaonyesha watu watano ndani ya shimo, shingoni wana minyororo, na mtazamaji ndiye anayeinamisha kichwa ili awaone. Kote kuwili kuna maumbo ya watu. Lakini ile ya kwanza iliomba heshima kwa mtawala, na hii ya pili haimruhusu yeyote kujikweza. Anayehesabu vichwa na mikono peke yake atazitia zote mbili kapu moja, na nadhani atakuwa amelipunja katazo lenyewe. Kwa kipimo hiki, sanamu ya mwanasiasa aliye hai na bado anaomba kura ni hatari kwa imani kuliko ya mkimbiaji. Na ni nani mwingine kwenye meza ile atakayelisema hilo bila haya?

Kukaa mbali nako kuna gharama. Mwaka 2015, huko Kisumu, waandamanaji waliiangusha sanamu iliyojengwa na Masingasinga (Wasikhi), jamii ambayo wazee wake wengi walikuja kujenga reli. Walidai ni ya kishetani. Usikhi wenyewe unakataza kuabudu sanamu, kwa hiyo waangushaji na wajenzi walikuwa na katazo moja bila kujuana. Muumini mwenye wasiwasi uleule, kama angekuwa na mahali pa kuuliza kabla saruji haijakauka, angeuliza, na nyundo isingeinuliwa.

Pingamizi zito ni kwamba kushiriki ni kuridhia. Lakini mshauri si mchongaji, na anaweza kuandikisha katika kumbukumbu za kikao kwamba hakubaliani, kisha akatoa shauri la maana kuhusu mahali, maandishi na lugha yake. Tena ana la kupendekeza. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na milango ya Lamu na Unguja imechongwa maua na minyororo kwenye mbao ngumu, ikielekea barabarani ili kila apitaye aione. Hiyo ni sanaa ya mtaani iliyokomaa karne nyingi kabla kaunti hazijaanza kudhani kwamba heshima ni mtu wa saruji. (Eldoret iliondoa sanamu zake za wanariadha mwaka 2024 baada ya kuchekwa nchi nzima. Nao wanariadha wenyewe hawakuwa na kosa.)

Wapo watakaohofu kinyume chake, kwamba muumini ataigeuza kamati kuwa mimbari. Hofu hiyo ina msingi: Katiba ya Kenya, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Anachojikataza yeye hana haki ya kuwanyima wengine kwa sababu hiyo tu. Sanamu ya Dedan Kimathi, mpiganaji wa Mau Mau, jijini Nairobi ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 tangu anyongwe, na kama minne tu tangu marufuku ya Mau Mau iondolewe kisheria. Ilirudisha hadharani jina lililokuwa likifichwa, na mtu wa dini anayeipinga lazima aeleze haki hiyo ingetendwa kwa njia gani nyingine. Kusema "dini yangu hainiruhusu" hakutoshi pale. Hoja ya unyenyekevu kwa watawala inatosha, kwa kuwa hata asiye na dini anaweza kuipima. Na ikiwa kazi yenyewe imekusudiwa kuabudiwa, au jina la mwalikwa wetu linatakiwa tu liwe muhuri wa uamuzi uliokwisha kupitishwa, hapo ajiuzulu, na aandike sababu.