Rehema Isiyodai Ushahidi

Mwanafunzi wa Mathare, Huruma au Dandora aingiapo chuoni asubuhi huja pamoja na usiku wake aliotoka nao nyumbani, na nyusiku za Eastlands, upande huo wa mashariki wa Nairobi, hususan katika miaka hii ya karibuni, zimekuwa nzito. Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika, ukachukua nyumba na watu. Kisha serikali ikaamuru waliokaa ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame, na matingatinga yakabomoa yale yaliyosazwa na maji. Na kabla watu hawajapata pa kujisitiri, ikawadia Juni na maandamano yake ya kupinga mswada wa fedha, na risasi za polisi, na akina mama waliozunguka hospitalini na katika vyumba vya maiti wakiwatafuta wana wao.

Katika siku zile nilimwona binti mmoja, nyuma ya darasa ninalofundisha, akilifungua daftari lililovimba kwa maji, akizibandua kurasa moja moja kwa ncha ya rula ili zisichanike. Hakunena lolote, wala sikumwuliza mbele ya wenzake.

Vyuo vyetu vingi humtaka aliyefikwa na msiba alete ushahidi ndipo aongezewe muda wa kazi: barua ya chifu, kibali cha mazishi, cheti cha daktari. Kanuni hizo zina sababu zake, kwani wenye hila hawakosekani. Lakini ni chifu gani atakayemwandikia barua kijana ambaye kila asikiapo kishindo moyo humwenda mbio? Aprili 2, 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika uvamizi wa kigaidi kwenye Chuo Kikuu cha Garissa. Na siku kumi baadaye, katika bweni la Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kikuyu, mlipuko wa hitilafu ya umeme uliwafanya vijana wadhani kuwa wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani, mmoja akafariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hawakuwa Garissa wale, wala hawakuwa na hati ya kuthibitisha hofu yao, ilhali hofu ilikuwa kweli tupu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo naona ni insafu kila mwanafunzi, tangu mwanzo wa muhula, apewe haki ya kuchelewesha kazi moja kwa siku saba pasipo kuulizwa sababu. Atangaziwe mapema somo litakalogusa mauaji au maafa. Na apendaye kukaa karibu na mlango aachwe akae. Kazi yenyewe isipunguzwe, maana kumpunguzia kijana elimu kwa sababu ya dhiki yake ni kumwongezea dhiki ya pili. Na kwa kuwa mwalimu si tabibu, jeraha likiwa kubwa wajibu wake ni kufuatana na mwanafunzi hadi mlangoni kwa mshauri nasaha, na kuyahifadhi kwa siri aliyoambiwa.

Watakuwapo watakaotudanganya, nami nakubali gharama hiyo kwa moyo mkunjufu. Kwani kwa mwongo mmoja mwalimu hupoteza siku saba za kungoja, bali akimfukuza mwenye msiba wa kweli kwa kukosa karatasi, chuo kimempoteza mtu, naye amepoteza mahali pamoja pa mwisho alipotarajia kusadikiwa.