Maada na Umbo katika Metali Inayojengwa kwa Leza

Uundaji wa vipande vikubwa vya metali kwa waya na leza unaibua upya swali la Aristotle kuhusu maada na umbo. Katika mfano wake wa sanamu, shaba nyeusi ni maada: ipo kwanza, kisha fundi huipa umbo.

Katika njia ya leza, waya wa titani hulishwa polepole kwenye mwali wa leza, huyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 1,600 za Selsiasi, kisha huganda juu ya tabaka lililotangulia, huku gesi ya agoni ikiikinga metali dhidi ya oksijeni. Kasi ya mashine, nguvu ya leza na muda wa kupoa haviamui umbo tu. Huamua pia chembe za fuwele ndani ya metali, ambazo mara nyingi hurefuka kwenda juu na kuvuka tabaka nyingi, hata uimara wa kipande ukatofautiana kulingana na upande kinaovutwa. Unene ukibadilishwa kwenye mchoro, upoaji hubadilika, na metali yenyewe hubadilika.

Mtetezi wa mfano wa sanamu atasema titani ni ileile. Ni kweli, lakini haitoshi: ndege yenye kipande kama hicho haibebwi na jina la elementi, bali na mpangilio wa atomu za metali hiyo, na mpangilio huo haukuwamo kwenye waya.

Aristotle mwenyewe aliiona hali ya namna hii kwa viumbe hai, ambao nyama na mifupa yao haitangulii mwili. Kipande cha leza kinakaribia mwili huo kuliko sanamu, ingawa chanzo cha ukuaji wake kingali nje yake, kwa mhandisi.